Dola tano za mkataba si msaada

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu wenyeji wa asili wa nyika za magharibi ya Kanada, ile iliyosema serikali "huwasaidia" kwa fedha, ardhi na matibabu, imenishinda kuinyamazia.

Hakuna msaada hapo. Kuna mikataba kati ya serikali na wenyeji hao, kila mmoja una namba yake. Wa 1 ulitiwa saini Lower Fort Garry tarehe 3 Agosti 1871, wa 4 Fort Qu'Appelle mwaka 1874, wa 6 Fort Carlton na Fort Pitt mwaka 1876, wa 7 Blackfoot Crossing mwaka 1877. Serikali ilipata njia ya kuleta walowezi na reli, nayo ikaahidi malipo ya kila mwaka. Katika Mkataba wa 6 kila mtu alipangiwa dola 5, mzee wa baraza 15, chifu 25. Katika Mkataba wa 1 zilikuwa dola 3, zikapandishwa hadi 5 mwaka 1875 baada ya machifu kulalamika kwamba ahadi za mdomo hazikuandikwa. Tangu hapo hazijapanda hata senti moja. Na matibabu mnayoyataja yana mzizi katika kifungu cha Mkataba wa 6 kilichotaka kasha la dawa liwekwe nyumbani kwa kila wakala wa serikali. Wazee wao wanashikilia hadi leo kwamba ardhi hawakuiuza, walikubali kuitumia pamoja na wageni, na tena kwa kina cha plau tu.

Hapa Winnipeg nimeona kwa macho yangu bibi mmoja akihesabiwa noti yake moja ya dola tano siku ya malipo, na Mswahili mwenzangu aliyekuwa kando akasema watu hawa wanalishwa bure. Maneno hayo hayatoki hewani. Yanatoka kwenye taarifa kama yenu.

Mkaandika pia kwamba "walipewa zana za kilimo lakini hawakuzoea kulima." Hapa ndipo nilipoliweka gazeti chini. Someni zana zenyewe! Mkataba wa 6: kila familia inayolima iliahidiwa majembe manne ya mkono, sepeto mbili na miundu miwili, plau moja kwa familia tatu, haro moja ya kuvunja mabonge ya udongo kwa familia tatu, maksai wanne, fahali mmoja na ng'ombe sita kwa kundi zima. Nyika ile ina nyasi zenye mizizi minene iliyosukana, haipasuliwi kwa jembe la mkono, na msimu wake ni mfupi. Familia ya tatu kwenye foleni ya plau ilipanda kwa kuchelewa, na ngano iliyochelewa hupigwa na jalidi kabla haijakomaa. Tena maofisa walikataa kutoa zana mpaka watu wawe wamekaa mahali pamoja na kuanza kulima, nao wangeanza kulima kwa zana gani, kwa kucha? Nyati wa nyikani walikuwa wameshatoweka upande wa Kanada kufikia 1879, na chakula cha serikali kikageuzwa fimbo. Mistahi-maskwa, chifu wa Wakrii aliyekataa masharti kwa miaka sita, alisaini Desemba 1882 kwa sababu watu wake walikuwa wanakufa njaa. Pamoja na hayo yote watu walilima, wakachanga fedha na kununua mashine za kuvunia na kufunga miganda, wakauza ngano na majani makavu, hadi walowezi wakalalamika kwamba wanashindanishwa. Kuanzia 1889 Hayter Reed, kamishna wa serikali wa mambo ya wenyeji, akaamuru wavune kwa mundu, wapure kwa kupiga fimbo na kusaga kwa mkono, wakati jirani mlowezi anavuna kwa mashine. Shamba likabaki wima linangoja jalidi. Halafu mnasema hawakuzoea!

Na hata kilichovunwa hakikuuzika kwa uhuru. Tangu 1881 sheria iliruhusu serikali kutaka kibali cha wakala kwa kila mzigo wa mazao yao uuzwao katika nyika hizo. Mnunuzi asiye na kibali alikuwa na kosa. Kifungu hicho kilifutwa vitabuni mwaka 2014. Baada ya mapambano ya 1885, Wametisi na baadhi ya Wakrii walipoinuka dhidi ya serikali, ikaongezwa pasi ya kutokea nje ya rizavu, yaani ardhi waliyotengewa, na hiyo haikuwa na sheria yoyote nyuma yake. Wasomaji wenu wa Kenya wanakijua kipande cha enzi ya ukoloni. Hicho angalau kilitungiwa sheria.

Ardhi nayo. Mlowezi mmoja mwanamume alilipa ada ya dola 10 akapata ekari 160 zake mwenyewe. Mkataba wa 1 ulitenga ekari 160 kwa familia ya watu watano, yaani 32 kwa kila kichwa, na zikabaki mikononi mwa serikali. Sheria ya serikali kuu juu ya wenyeji (Indian Act) ya 1876 ikawazuia kuomba zile 160 za mlowezi. Kisha kuanzia 1927 hadi 1951 ikawa kosa kuchangisha fedha za kudai haki hizi bila idhini ya serikali.

Lingine: acheni kuandika "Wahindi Wekundu." Mhindi ni mtu wa India, na msomaji wetu ana jirani Mhindi. Wakrii, Waanishinaabe, Wablackfoot, Wadakota, Wadene, na Wametisi ambao wana historia yao, wana majina. Kama mnaweza kutofautisha Mmeru na Mkamba, hili pia mnaliweza.

Nawaomba mfanye yafuatayo. Katika toleo lijalo, ukurasa uleule, herufi zilezile, chapisheni orodha ya zana za Mkataba wa 6 pamoja na hesabu ya familia tatu kwa plau moja. Kila mtakapoandika tena habari hizi, aya ya kwanza itaje namba ya mkataba, mwaka, kilichoahidiwa na kilichofika. Na neno "msaada" liondolewe kwenye kichwa cha habari, liwekwe "malipo ya mkataba."

Msomaji wenu,
Winnipeg, Manitoba