Kongamano la vyombo vidogo vya habari Nyanda za Juu Kusini tuligharimie wenyewe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo waandishi wa habari wa Nyanda za Juu Kusini tumekuwa tukilijadili kwa muda mrefu bila kulifikisha mwisho, nalo ni kuitisha kongamano la vyombo vidogo vya habari vya mikoa yetu, yaani redio za jamii, waandishi wa kujitegemea, wapiga picha na wenye televisheni za mtandaoni. Kila tunapokutana mazungumzo hukwama mahali pamoja. Mmoja huuliza nani atatugharimia, mwingine hushauri tuandike andiko la mradi tulipeleke kwa wafadhili, na kuanzia hapo kongamano linakuwa la mfadhili ambaye hata hatujampata. Maoni yangu ni kwamba tuligharimie wenyewe kwanza, hata likiwa dogo, na fedha za nje zikija zikute ajenda imeshaandikwa na mahali pa kukutania pameshapatikana.

Sina kinyongo na wafadhili. Semina ya waandishi wa habari wa Afrika iliyofanyika Windhoek, Namibia, tarehe 29 Aprili hadi 3 Mei 1991, iliandaliwa na Umoja wa Mataifa pamoja na UNESCO, lakini azimio lililotoka pale lilikuwa la waandishi wa Afrika wenyewe, na ndilo lililozaa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani tunayoiadhimisha kila tarehe 3 Mei. Hapa nchini, Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, ulioanza kazi mwaka 2008, umewapeleka waandishi wengi vijijini kufuatilia habari ambazo wasingeweza kuzigharimia kwa mifuko yao, na klabu za waandishi wa habari za mikoa zimepata msaada wa Sweden kwa miaka mingi kupitia umoja wao, UTPC. Hayo ni mema na lazima yasemwe. Hata hivyo, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, vyombo huru vya habari katika nchi nyingi vilijikuta ghafla havina fedha za kulipa mishahara, na hakuna msikilizaji wala msomaji aliyeulizwa kama anakubali vinyamaze.

Linaloniumiza zaidi ni vile mikutano yetu inavyobadilika inapogharimiwa na mtu mwingine. Nimehudhuria mingi, na inafanana. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu asubuhi, anafika saa tano. Mada inatolewa na mtaalamu aliyetoka mbali, kwa projekta, nayo inahusu jambo lililoandikwa kwenye mradi. Baada ya chakula cha mchana inaanza kuzunguka ile karatasi yenye safu za jina, chombo, namba ya simu, kiasi na saini, na tangu inapoingia ukumbini macho yote yanaifuata inavyopita kutoka meza hadi meza, huku mzungumzaji wa mwisho akiongea na migongo. Mwandishi aliyetoka Ludewa akiwa na swali kuhusu malipo yake ya miezi kadhaa anarudi nalo Ludewa. Simlaumu mwenzangu anayeingoja posho hiyo, kwa sababu mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyochapishwa tu, ambaye nauli ya kwenda kijijini na bando la kutuma picha anajitolea mwenyewe, ana kila haki ya kuihesabu posho kuwa sehemu ya riziki yake. Lakini mkutano ambao watu wameufuata kwa posho hauwezi kuzungumzia kwa nini waandishi wanaishi kwa posho.

Kwa hiyo napendekeza kongamano lisilo na posho hata ya shilingi moja, na ambalo fedha zake zote zitatumika kuwafikisha, kuwalaza na kuwalisha wale ambao bila msaada huo wasingeweza kuja.

Tuanze na mahali. Wengi wanataja Jiji la Mbeya au Iringa Mjini kwa sababu kuna hoteli na kumbi. Mimi nasema Makambako. Pale ndipo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA ina stesheni pale, na mabasi yanapita kila mara kuelekea pande zote tatu. Mtu wa Iringa na mtu wa Mbeya wanakuja kwa safari za urefu unaokaribiana, wa Njombe yuko jirani, wa Songea anateremka hapo bila kubadili gari, na wa Makete, ambako Kitulo FM inarusha matangazo, hana haja ya kwenda mpaka Mbeya kwanza. Wa Sumbawanga ndiye atakayesafiri sana popote tutakapokutana, na nitamrudia kwenye suala la nauli.

Hatuhitaji hoteli. Vijana wa makanisa na wanafunzi wamekuwa wakifanya makongamano ya Pasaka kwenye shule za bweni kwa miaka mingi, mamia ya watu kwa siku kadhaa, kila mmoja akija na shuka, sahani na mchango wake, na sijasikia kongamano hata moja kati ya hayo lililoahirishwa kwa kukosa mfadhili. Shule za bweni huwa tupu likizo ya Juni. Tukiomba mabweni na bwalo la shule moja kwa siku mbili, tukalipia maji, umeme, usafi na mlinzi, gharama ya malazi inashuka hadi kiwango ambacho waandishi tunakimudu. Juni ni baridi kali kwetu, kwa hiyo kila mtu aje na blanketi. Wanawake wapewe bweni lao lenye mlango unaofungwa kwa ndani na mlinzi wanayemkubali wao, na anayenyonyesha aje na mtoto pamoja na wa kumbebea. Hilo ni sharti, kwa sababu waandishi wanawake wengi wamekosa mikutano yetu kwa kukosa mahali salama pa kulala.

Chakula ndicho kinachokula bajeti, na kwenye chakula mikoa yetu haina umaskini. Redio ya Kyela ikileta mchele, wa Njombe wakaleta viazi mviringo na parachichi, wa Mbozi maharage na kahawa, wa Mufindi na Rungwe majani ya chai, kitakachobaki kununuliwa ni nyama, mafuta, sukari na kuni, pamoja na ujira wa mama lishe wa hapo hapo Makambako. Msikilizaji asiye na fedha anaweza kuchangia debe la mahindi, na mchango huo uandikwe kwenye daftari kwa thamani yake ya sokoni siku hiyo kama unavyoandikwa mchango wa fedha.

Kiingilio kiwepo, lakini kisiwe sawa kwa wote. Nimejaribu kupiga hesabu ya watu 80. Waandishi wa kujitegemea 50 wakilipa shilingi 10,000 kila mmoja tunapata 500,000. Walioajiriwa 20 wakilipa 50,000 kila mmoja tunapata 1,000,000. Vituo vya redio 10, kila kimoja kikilipia mwakilishi wake 200,000, tunapata 2,000,000. Jumla ni shilingi 3,500,000, na kwa bwalo la shule na chakula cha kuchangishana, hiyo inatosha kuanzia. Utaratibu wa kulipa kwa uwezo si mgeni duniani. Kule Marekani, watengenezaji wa vijarida vidogo walikutana mwaka 1999 katika mji wa Bowling Green, Ohio, na mkutano wao ukakua hadi kuwa Allied Media Conference, uliohamia Detroit mwaka 2007, ukikusanya watu wa redio, video na intaneti, nao umekuwa ukiwaachia washiriki kulipa kiingilio kwa viwango tofauti kulingana na kipato. Walianza na watu waliokuwa wakidurufu majarida yao wenyewe.

Nauli nayo iingie kwenye kapu moja. Wa Wanging'ombe asilipe nauli ndogo na wa Sumbawanga akalipa kubwa kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa au anapofanyia kazi. Kila mshiriki alete tiketi yake, nauli zote zijumlishwe, kisha zigawanywe ili kila mtu abebe kiasi kimoja, anayedaiwa aongeze na anayedai arudishiwe. Atakayerudishiwa arudishiwe kilichoandikwa kwenye tiketi, basi.

Kuna chanzo kimoja cha fedha ambacho tunacho kila siku na hatujawahi kukitumia kwa ajili yetu, nacho ni vipindi vya salamu. Redio zetu zinajua kuuza kadi za salamu, na wasikilizaji wanazinunua, wengine wakiwa na vilabu vyao vya watuma salamu vinavyojulikana wilaya nzima. Kila kituo kikitenga wiki moja ambayo kadi zake zote ni za kongamano, na mtangazaji akaeleza wazi kwamba fedha hizi zinakwenda kuwakutanisha waandishi wanaoripoti habari za vijiji vyenu, tutapata zaidi ya fedha. Tutakuwa na wasikilizaji wanaodai kujua kongamano limezungumza nini, na hao ndio ninaotaka tuwajibike kwao.

Fedha za watu zinataka uangalifu, na hapa sitaki tulegee. Zisipitie kwenye simu ya mtu binafsi hata awe mwaminifu kiasi gani. Klabu moja ya waandishi yenye usajili ikubali kuwa mwenyeji, iwe na lipa namba yenye jina la klabu na akaunti ya benki yenye watia saini watatu kutoka mikoa mitatu tofauti. Kila Ijumaa hesabu zisomwe hewani katika vituo vyote vinavyoshiriki, kilichoingia na kilichotoka, mpaka gunia la mkaa. Sisi ndio tunaowadai watendaji wa vijiji wabandike mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo, na haitapendeza mwanakijiji akituuliza yetu yako wapi.

Vilevile tuamue mapema fedha tutakazozikataa. Nashauri tusipokee chochote kutoka kwa mwanasiasa aliye madarakani au anayetafuta madaraka, wala kutoka kwa kampuni ambayo mshiriki yeyote anaendelea kuichunguza, iwe ya chai, ya misitu au ya madini. Halmashauri nazo tuzishukuru na kuzikatalia, kwa kuwa redio nyingi tayari zinategemea matangazo yao na hatuna haja ya kuongeza kamba ya pili. Kwa wengine, asiwepo mchangiaji mmoja anayezidi sehemu moja ya tano ya bajeti, na asiwepo anayechagua mada wala mzungumzaji. Masharti haya yachapishwe kabla ya kuomba, kwa sababu baada ya hundi kufika hakuna kamati yenye ujasiri wa kuyatunga.

Kuhusu ajenda nitasema machache, maana ni ya washiriki kuiandika. Lazima tuzungumzie mikataba na malipo ya waandishi wa mikoani. Lazima tuzungumzie gharama za kuwa halali, kwa kuwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka kijana mwenye blogu kulipa shilingi 1,000,000 ya leseni mbali na 100,000 ya maombi, na ingawa kanuni hizo zilirekebishwa baadaye, wengi waliofunga kazi zao hawakurudi. Lazima tuzungumzie pia sharti la mwandishi kuwa na angalau stashahada lililokuja na utekelezaji wa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa maana watangazaji wengi wa redio za jamii ni wakulima na walimu waliojifunzia kazi studioni. Na tupange namna redio zetu zitakavyopashana bei za mahindi msimu wa mauzo, jambo dogo ambalo lingemsaidia mkulima kabla hajapakia magunia kwenye lori.

Lakini usalama wa mwandishi uwe wa kwanza. Atokaye Iringa kwenda Makambako atapita Nyololo, wilayani Mufindi, ambako tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, aliuawa akiwa kazini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja wa polisi kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Ipo tuzo ya UTPC yenye jina la Mwangosi, na ni heshima anayostahili. Bado mwandishi wa kujitegemea anayekwenda leo kwenye mkutano wenye vurugu katika mkoa wowote kati ya mikoa yetu anakwenda peke yake, bila bima, na bila mtu aliyepangwa kupigiwa simu kwanza akikamatwa au akiumizwa. Kongamano likitoka na orodha ya namba hizo, mkoa kwa mkoa, pamoja na wakili aliyekubali kupokea simu usiku, gharama yote itakuwa imerudi.

Mhariri, nimalizie na wewe na wahariri wenzako mlioko Dar es Salaam na Dodoma. Habari nyingi mnazochapisha kutoka huku zinatoka kwa watu ninaowazungumzia. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, waruhusu waandishi wako wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma siku mbili za kongamano bila kuwahesabia kuwa wameacha kazi. La pili, gazeti lako liwalipie kiingilio, shilingi 10,000 kwa kila mmoja, na uwalipe kabla ya Juni madai yao ya habari zilizokwishachapishwa, ili nauli ya kwenda Makambako watoe kwenye jasho lao wenyewe.

Wako,
Mwandishi wa kujitegemea,
Uyole, Mbeya