Kumbukumbu za Watu Weusi, Chuo Kikuu cha Edinburgh

Habari za jioni ndugu zangu. Mwalimu Nyerere alihitimu hapa mwaka 1952, hilo kila mtu analijua. Lakini James Africanus Horton wa Sierra Leone alipata shahada yake ya udaktari hapa mwaka 1859, karibu karne nzima kabla yake! Tena hao wanakumbukwa kwa kuwa waliacha maandishi. Je, wapishi, walinzi na wafanya usafi weusi wa chuo? Hao ndio wananiuma.

Mwenye mzazi, shangazi au rafiki aliyesoma au kufanya kazi hapa, tafadhali amwombe ruhusa kwanza, kisha amrekodi akisimulia kwa lugha aipendayo. Picha za zamani mzipige pande zote mbili, maana majina mara nyingi huandikwa nyuma. Nitumieni mimi binafsi, si humu kikundini.