Maktaba na vitabu vya kuazima

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie neno maktaba, kwa kuwa nimewasikia mara nyingi wasomaji, wakiwemo walimu, wakidai kuwa asili yake ni kuazimisha, na kwamba mahali ambapo vitabu havitoki nje hapastahili jina hilo. Nawaunga mkono kwamba maktaba iazimishe vitabu, ila si katika hoja yao.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa kitabu na katibu, na Waarabu hadi leo huliita hivyo hata duka la vitabu. "Library" ya Kiingereza nayo inatokana na "liber" ya Kilatini, yaani kitabu, na Mfaransa akikuelekeza kwenye "librairie" amekutuma ukanunue. Maktaba ya Bodleian ya Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1602, ilimnyima kitabu hata Mfalme Charles wa Kwanza alipotaka kuazima mwaka 1645, na haikuacha kuwa maktaba.

Kuazimisha, basi, ni desturi iliyojengwa na watu. Kule Philadelphia mwaka 1731, Benjamin Franklin na wenzake walichanga fedha wakanunua vitabu ambavyo mmoja mmoja wasingevimudu, wakawa wanaviazima kwa zamu. Kwa kuwa desturi hiyo haimo ndani ya neno, inaweza kuondolewa na kibao cha mlangoni kikabaki vilevile, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiswahili chenyewe kinapambanua vizuri: sukari ya jirani tunaikopa, tukarudisha nyingine, sufuria tunaiazima, na ileile ndiyo irudi. Kitabu huazimwa, maana yupo anayekingoja hichohicho.

Maktaba ninayoitumia imesitisha kuazimisha kwa sababu vitabu vilikuwa vikipotea, na ni kweli vilipotea. Lakini juzi nilifungua kitabu cha ufugaji wa nyuki, nikaona karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma: safu mbili za mihuri, wa mwisho ukiwa wa mwaka 2011. Mfugaji anayeshinda kwenye mizinga yake hawezi kukisoma mezani pale kabla ya saa kumi na moja jioni mlango unapofungwa. Nawaomba wahusika warejeshe utaratibu wa mdhamini na amana, waanze japo na vitabu vyenye nakala mbili.

Msomaji wako wa siku nyingi