Jedwali lenu la vifaru limesahau mkanda wa risasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu ya vifaru vya Vita Kuu ya Pili. Mizinga na unene wa vyuma mmevieleza vizuri, sina neno. Ugomvi wangu ni na jedwali la mwisho, mlipozipanga bunduki za rashasha za vifaru kwa idadi ya risasi zinazotoka kwa dakika. Breda ya Waitaliano na DT ya Wasovieti zimeandikiwa 600, Browning ya Wamarekani 500, na msomaji anaachiwa aamini kwamba Mmarekani alishika mkia.

Hizo 600 hakuna aliyezipiga ndani ya dakika moja. Breda ya mwaka 1938 ililishwa kwa magazini ya risasi 24, iliyochomekwa juu ya bunduki. Kwa kasi mliyoiandika, magazini inakauka kabla ya sekunde tatu. Kisha mtu aichomoe, atafute pa kuiweka, apapase nyingine kwenye rafu huku kifaru kinaruka mawe, aichomeke, ndipo aendelee. Kifaru cha M13/40, kile kilichopigana Libya, kilibeba risasi 3,048 za bunduki hizo. Gawanya kwa 24 upate magazini 127. Tena bunduki mbili kati ya hizo zilikaa sambamba mbele, kando ya dereva, mikononi mwa mtu mmoja. Niambieni huyo bwana alikuwa anapiga ngapi kwa dakika. Wajapani nao waliridhika na magazini ya risasi 20.

DT ilikuwa na afadhali. Ililishwa kwa sahani ya duara yenye risasi 63, zimelaliana kwa tabaka tatu. Kwa kasi ya 600 hizo ni sekunde sita na ushee. Vifaru vyao vya T-34 vya mwanzo vilibeba sahani 46, yaani risasi 2,898. Siwabezi Wasovieti kwa uamuzi huo, maana walikuwa na sababu. Risasi yao ya milimita 7.62 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na risasi ya namna hiyo haisukumwi tu mbele kutoka kwenye mkanda. Lazima kwanza ivutwe nyuma itoke, ndipo iingizwe mtutuni. Utaratibu huo unaongeza vyuma na uzito. Sahani haina kinachoning'inia, inapangwa vizuri ndani ya kifaru, na DT yenyewe ingeweza kung'olewa mahali pake, ikawekewa miguu miwili, wanajeshi wakatoka nayo kifaru kikishindwa. Hata hivyo, vita vilipokwisha, Wasovieti wenyewe waliachana na sahani. Jamii ya T-54 na T-55, vifaru ambavyo baadhi ya wasomaji wenu wa Kagera waliviona kwa macho mwaka 1978 na 1979, ilipewa rashasha ya mkanda.

Sasa tuingie ndani ya Sherman, kifaru cha Wamarekani kilichoitwa pia M4, maana hapo ndipo jedwali lenu linapovunjika kabisa. Bunduki ya Browning ililala kando ya mzinga, upande wa kushoto, na mkanda wake ulikuwa wa kitambaa kilichofumwa, wenye risasi 250. M4 ilipangiwa risasi 4,750 za aina hiyo, sawasawa na mikanda 19. Mlenga shabaha alikaa kulia na hakuigusa bunduki kwa mkono. Alikanyaga kitufe kwa mguu, umeme ukavuta kifyatulio. Kazi yote ya mikono ilimwangukia mpakiaji. Ndiye aliyepitisha ncha ya mkanda hadi ishikwe, akavuta mkono wa bunduki kwa nguvu mara mbili. Akivuta mara moja tu, risasi ya kwanza haijafika mtutuni, na mwenzake atakanyaga kitufe apate mlio mkavu wa chuma. Ndiye aliyeunga mkanda mpya, aliyezibua bunduki ilipokwama, aliyehakikisha maganda matupu yana pa kwenda. Na haya yote aliyafanya katikati ya kazi yake kubwa, kuusokomezea mzinga makombora.

Kitambaa nacho kilikuwa na kero zake. Kikilowa kinabana risasi, kikichakaa kinazilegeza, na risasi iliyokaa upande ndani ya mkanda ni mkwamo unaosubiri saa yake. Ndiyo maana mikanda ya vipingili vya chuma, inayoachana kipande kwa kipande kila risasi inapochomolewa, ilizidi kupendwa. Lakini vipingili navyo vinadondoka ndani, pamoja na maganda ya moto, katika chumba kinachozunguka na chenye meno ya gia. Sehemu nyingi mfuko wa turubai ulifungwa chini ya bunduki kuvidaka, na mfuko ukisahauliwa ukajaa, maganda hukosa pa kuangukia.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hulijua pale tu anapofuatilia mambo ya ulishaji. Mtutu wa Browning ukichemka mno, risasi iliyotulia ndani inaweza kulipuka yenyewe kwa joto, ikaingia ya pili, ya tatu, bunduki inajipiga bila amri ya mtu. Dawa yake? Mpakiaji anaudaka mkanda na kuusokota, risasi zisiingie tena. Hilo mtu wa sahani halipati, lakini ana lake: mwisho wa sahani unamlazimisha mtutu wake upumzike.

Rashasha ya mbele ya Sherman, ya dereva msaidizi, haikuwa na kilengeo chochote. Alitazama nje kwa periskopu akaongoza bunduki kwa kufuata risasi zenye mkia wa moto, kwa kawaida moja katika kila tano. Kwa hiyo namna mkanda ulivyopangwa ndiyo iliyokuwa macho yake. Risasi hizo za mkia wa moto, mlizoziita mapambo ya mkanda katika makala yenu, hazikuwa mapambo.

Kama kasi ndiyo kipimo, Wajerumani wasingefanya walichofanya. Walikuwa na MG 42, yenye kupiga kama risasi 1,200 kwa dakika, lakini kwenye vifaru vyao vya Panther na Tiger waliendelea na MG 34 iliyo ya polepole zaidi. MG 42 hubadilishwa mtutu kwa kuutolea ubavuni, na ubavuni mwa bunduki iliyopachikwa kwenye chuma cha kifaru hakuna nafasi. MG 34 unaizungusha mwili wake, unauvuta mtutu kwa nyuma, ukiwa umekaa ndani. Mikanda yake ya chuma iliunganishwa hadi risasi 150 na kutiwa kwenye mfuko. Vifaru vyao vya Panzer IV vya katikati ya vita vilibeba mifuko 21, risasi 3,150.

Besa, rashasha ya vifaru vya Waingereza, hamkuitaja kabisa, na hilo limenisikitisha. Ilitokana na bunduki ya kiwanda cha Zbrojovka Brno cha Chekoslovakia, na Waingereza waliiacha na risasi yake ya milimita 7.92, ileile ya Wajerumani, badala ya kuibadilisha ipige risasi yao ya kawaida. Vifaru vilikuwa na msafara wake wa ugavi, basi hawakuona haja. Mkanda wake ulikuwa wa risasi 225, na kifaru chao cha Cromwell kilibeba mikanda 22. Wakati huohuo vifaru vya Panzer 38(t) vya Wajerumani vilikuwa na bunduki ya ukoo huohuo wa Brno, kwani kiwanda walikwishakiteka.

Kifaru cha Renault R35 cha Wafaransa mmekipa alama nzuri kwa rashasha yake, kwa kuwa ilikuwa na ngoma, yaani magazini ya duara, ya risasi 150. Ngoma 16, risasi 2,400, kweli. Lakini kifaru kizima kilikuwa na watu wawili. Dereva anaendesha; kamanda, peke yake juu, anatazama nje, anatoa amri, anapakia mzinga, anaulenga, anabadilisha ngoma. Jedwali linalompa mtu huyo alama sawa na Sherman yenye watu watano limehesabu chuma likasahau mikono.

Mkilichapa tena, wekeni safu ya risasi zinazoingia kwa mara moja, na nyingine ya nani anayelisha bunduki na ana kazi ngapi nyingine. Mchoraji wenu pia amemweka mpakiaji wa Sherman upande wa kulia wa mzinga. Amhamishie kushoto, Browning inapokea mkanda kutoka upande huo.

Msomaji wenu,
Tanga