Texas bunduki ya kuonekana si ya kila mtu

Mhariri,

Nimefuatilia mjadala wa wasomaji wenu kuhusu Wamarekani kutembea na silaha, wengine mnasema bora ionekane ili mtu ajihadhari mapema, wengine ifichwe. Mie naishi huku Texas na naona wote mnaongea kama vile sheria ikishapita basi inamlinda kila mtu sawasawa.

Bastola ya kuficha waliruhusu 1996 kwa leseni, ya kuonekana kiunoni ikaja Januari 2016, halafu toka Septemba 2021 hata leseni haihitajiki, mtu wa miaka 21 asiye na makosa anaipachika tu kwenye ala yake anaenda kununua maziwa. Mwenye nyumba asiyetaka anabandika tangazo mlangoni kwa Kiingereza na Kihispania, la silaha zilizofichwa lake na la zinazoonekana lake, unakuta mlango wa kanisa umejaa maandishi kama kituo cha kupigia kura. Bunduki ndefu za begani ndo kabisa, hazijawahi kudaiwa leseni.

Sasa angalieni Dallas, hapahapa Texas, Julai 2016. Watu wameandamana, sababu mojawapo ni Philando Castile, mtu mweusi aliyeuawa kwa risasi na polisi jimbo la Minnesota jana yake, ana kibali, bastola kaificha, na alimwambia yule askari mwenyewe kwa adabu kwamba anayo (askari alishtakiwa, 2017 akaachiwa). Kwenye maandamano hayohayo kulikuwa na jamaa mweusi ana bunduki begani, fulana ya mabaka ya kijeshi, halali kabisa. Mtu mwingine kabisa akaanza kumimina risasi, askari watano wakafa, na polisi wakarusha picha ya huyu jamaa Twitter kwamba ndo anatafutwa! Masikini bunduki yake alimkabidhi askari mwenyewe barabarani. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati ule, David Brown, naye mweusi, alisema wazi kwamba watu wakiwa na bunduki begani halafu risasi zinalia, askari hawajui nani mwema nani mbaya.

Na California ilikataza kutembea hadharani na bunduki yenye risasi mwaka 1967, Reagan akiwa gavana, kisa Black Panther, kundi la kutetea haki za weusi, walikuwa wanazunguka nazo kuwachunga polisi. Kabla ya hapo kuibeba waziwazi ilikuwa ruksa.

Kwa hiyo mie nipo upande wa kuficha, maana ukiionyesha wewe ndo unakuwa wa kwanza kulengwa au kushukiwa, lakini msidanganyane kwamba ukificha ndo umepona, Castile alificha.

Halafu nyie vijana wetu mnaokuja huku kusoma, hayo ya leseni kutohitajika hayawahusu. Mwenye viza ya mwanafunzi sheria ya taifa kwa kawaida inamkataza hata kuishika tu, labda awe na kibali cha kuwinda, sasa zile picha mlizopiga na bunduki za washkaji mkatupia Instagram zifuteni leo.

Msomaji wenu,
Houston, Texas