Wavulana wafupi waachwe wasome kwa amani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kejeli wanazopata wavulana wafupi katika shule zetu hapa Mwanza. Huku Kirumba namfahamu kijana wa kidato cha pili, hodari wa hesabu, ambaye siku hizi hanyooshi mkono darasani. Kila akisimama kujibu, wa nyuma humpigia kelele: "Simama basi!" Inauma zaidi kwa kuwa mwalimu naye hucheka.

Wavulana hawabalehe kwa wakati mmoja. Wapo wanaoanza kurefuka wakiwa na miaka 12, wengine 15, na wengi waliochelewa huwafikia wenzao. Vidonge vya kurefusha vinavyouzwa mitandaoni havirefushi mifupa iliyokwisha kukomaa. Walimu wakomeshe kejeli hizi, na wakuu wa shule waalike wahudumu wa afya wawaeleze wanafunzi na wazazi kuhusu ukuaji.

Msomaji,
Kirumba, Mwanza