Jumapili ya koni, gari lako la kazini linatosha

Wadau wa Dallas mambo, naona wengi mnaogopa eti gari ni la kwendea kazini, sikilizeni, autokrosi ya SCCA (klabu ya magari ya michezo ya Marekani) ni kuendesha kupita kati ya koni kwenye lami, unashindana na saa, hata Corolla inaingia freshi tu. Jumamosi usiku toeni kila kitu ndani, kiti cha mtoto, na kapeti la dereva hasa maana likiteleza chini ya breki ni hatari jamani. Nati za tairi zikazwe, betri isichezecheze, breki ukikanyaga isizame. Upepo wa tairi za mbele ongezeni kidogo ila urudisheni kabla ya kuingia haiwei, Jumatatu mnalihitaji hilo gari. Ukigonga koni moja unaongezewa sekunde 2 kwenye muda wako. Helmeti za kuazima ninazo mbili, nani hana?